Mjusi wa Kabuye Aliyepewa Jina la Mwenzangu

Wadogo zangu wa kituo, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi, nami nikakubali kwa sababu nilikuwa nimeshiba na sikuwa na nguvu ya kukataa. Sasa niko nyumbani Kasenga. Mke wangu amechoka kuniona nikizunguka uani kama kuku anayetafutiwa kisu, kwa hiyo nimekaa chini naandika. Msitafute humu habari za vyeo. Kwetu cheo kilikuja pale mkubwa wako alipohamishwa ukabaki na funguo zake. Nitawaeleza juu ya mjusi mmoja, na watu wawili niliofanya nao kazi. Wa kwanza nilimheshimu. Wa pili nilimuonea wivu karibu miaka yangu yote ya kazi. Mnamjua, yuko bado hapo kituoni, na atasoma. Asome.

Siku ya kwanza nilifika na diploma ya shule na viatu vilivyong'aa. Mzee Lwamba, fundi wa vielelezo, yaani samaki wa kuhifadhiwa kwenye chupa, mtu wa Makobola, alinitazama kuanzia chini. Akasema, "Viatu vizuri. Vua." Nilifundishwa kuosha chupa mwezi mzima kabla ya kuruhusiwa kutia samaki ndani yake. Formoli, ile dawa ya kuhifadhia, iliniumiza macho mpaka mama mwenye nyumba akafikiri nimefiwa. Mzee Lwamba hakuwa na maneno mengi ya kufundisha. Ukikosea aliichukua kazi mikononi mwako, akaifanya mwenyewe polepole, akakurudishia. Ukikosea tena aliirudia polepole zaidi. Hiyo polepole ya pili ilikuwa inaumiza kuliko tusi.

Kituo chetu kilikuwa cha utafiti wa samaki wa ziwa. Hakuna aliyetuma mtu kutafuta mijusi. Tulikwenda kusini kwa boti, tukipita Makobola, kutega nyavu ndogo kwenye miamba ambako samaki wa mawe wanajificha, na njiani tulikuwa tunapumzika Kabuye. Wengi wenu mmefika huko, lakini naandika pia kwa ambaye hajafika. Ni kisiwa cha mawe matupu mbele ya pwani, karibu kiasi kwamba mama akimwita mtoto kwa hasira kule ufukoni, ukiwa Kabuye unageuka. Kijiwe, ndiyo maana ya jina lake. Kuna vichaka vichache vilivyojikunja, kinyesi cheupe cha ndege, na mawe makubwa yaliyopandana kama mifuko kwenye lori la Bukavu.

Tulikuwa tunakula mihogo pale siku moja asubuhi Mzee Lwamba aliponigusa bega.

"Kashindi. Weye unaona nini?"

"Naona mjusi, Mzee."

"Angalia kwa shingo."

Nikaangalia. Alikuwa mdogo, urefu wa kidole cha kati, rangi yake ya kijivu na madoa kama jiwe lenyewe, na kama asingesogea nisingemwona. Halafu akainua kichwa, akajipandisha na kujishusha kwa miguu ya mbele, na chini ya kidevu nikaona rangi ya manjano kali, na juu yake mistari myeusi kama alama za sajini.

"Wa kwetu pwani hawana hiyo," Mzee akasema. "Nimezaliwa hapa. Hawana."

Ndivyo ilivyoanza, na ninataka ijulikane kwamba mtu wa tatu hakuwepo.

Tulitafuta shingo ile ya manjano kila tulikopita. Tuliitafuta kwenye miamba ya kusini, kwenye mawe ya milimani, kwenye mashina ya miti, kwenye kuta za makanisa. Tulipata mijusi wengi wenye shingo za kijivu na nyeupe. Manjano haikuonekana popote isipokuwa Kabuye. Mzee akanifundisha kuwakamata, na hili ninaliandika kwa urefu kwa sababu nimewaona mnavyolifanya. Chukua ufito mwembamba kuliko unavyofikiri. Mwishoni funga uzi wa nailoni wa nyavu, mwembamba kabisa, na utengeneze kitanzi. Nenda asubuhi, jua likishapasha mawe joto, kwa sababu mjusi huyu ni wa mchana, si kama wale wa kwenye taa za nyumbani. Simama ili kivuli chako kiwe nyuma yako. Usimtazame machoni. Pitisha kitanzi shingoni, nyanyua, mkamate kwa mkono laini. Ukimshika mkia utakatika, na utabaki umeshika kipande kinachochezacheza wakati mwenyewe anakutazama kutoka kwenye ufa. Mpime, mwangalie shingo, mrudishe kwenye jiwe lake lile lile. Jiwe lake, si la jirani. Dume mmoja ana jiwe moja, na ukichelewa kumrudisha utakuta mwingine ameshapanda juu na anapiga zile pushapu zake. Mimi sikuona ajabu yoyote katika tabia hiyo.

Kwa miaka kadhaa Kabuye ilikuwa ya Mzee na mimi. Niliijua kwa kila ufa. Nilijua pango ambamo majike wanabandika mayai yao mawili mawili, meupe kama punje za maharage. Mke wangu alikuwa akisema, "Ungekuwa na wivu juu yangu kama ulio nao juu ya yale mawe, ningenenepa."

Ndipo akaja Bahati.

Alitoka Luberizi, mtoto wa wakulima wa mpunga, na Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Kirundi. Alikuja kuosha chupa kama nilivyokuja mimi, na Mzee akamwambia avue viatu. Bahati akavua, akacheka. Hilo la kucheka ndilo jambo la kwanza lililoniudhi. Mimi sikucheka siku yangu, nilidhani haliruhusiwi.

Mara ya kwanza tulipompeleka Kabuye nilimwonyesha ufito na kitanzi, nikaanza kumweleza habari ya kivuli. Alinisikiliza kwa adabu. Halafu akachuchumaa mbele ya jiwe, akaweka mkono wazi juu ya mwamba kama mtu anayesubiri kupewa karanga, akakaa kimya. Mjusi alipita karibu. Bahati akafunga vidole, akageuka, na alikuwa naye, mkia mzima.

"Tulikuwa tunakamata panzi mu mpunga," akasema, kama anaomba radhi.

Mzee Lwamba, ambaye sikuwahi kumsikia akimsifu mtu, akasema, "Mwanangu, rudia nione."

Mwanangu. Miaka yote ile mimi nilikuwa Kashindi. Nilikuwa Kashindi kwenye jua na Kashindi kwenye mvua, Kashindi siku nilipoogelea na kamba mdomoni kuiokoa boti. Huyu alikuwa na asubuhi moja tu na alikuwa mwana. Nilikwenda upande wa pili wa kisiwa nikakaa peke yangu, nikajifanya napima joto la maji.

Wivu, wadogo zangu, ni kazi ya kutwa na haina likizo. Bahati akichelewa nilifurahi. Akifika na sababu nzuri nilisikitika. Alikuwa anaimba kwenye boti na wavuvi wanamjibu. Mimi nilikuwa najua nyimbo zile zile. Akaoa, nikaenda harusini nikala vizuri, nikatafuta kasoro kwenye maharusi wote wawili nikakosa. Naye hakuwa mbaya kwangu hata siku moja, na mtu asiyekupa sababu anakuachia uzito wote uubebe mwenyewe.

Mzee Lwamba alistaafu, akarudi Makobola, akafa miaka michache baadaye. Tulimzika, Bahati na mimi tukishika upande mmoja wa jeneza. Nilikumbuka kuangalia nani ametangulia.

Baada ya hapo akaja Dokta Odette kutoka Kisangani, mtaalamu wa wanyama watambaao, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Alikuwa amesikia habari ya shingo ya manjano. Tulimpeleka Kabuye, naye alipanda mawe kwa magoti bila aibu na kuuliza maswali mazuri, na mengine sikuyajua, nikajifunza. Alikaa nasi wiki kadhaa. Alitueleza kwamba ili mnyama aandikwe rasmi kama aina mpya, lazima achaguliwe mmoja atakayehifadhiwa milele, ambaye wengine wote watalinganishwa naye. Alimtaka dume mkubwa aliyekamilika. Mimi nilimkamata mmoja asubuhi ile, dume mzuri, lakini ncha ya mkia wake ilikuwa imewahi kukatika ikaota upya. Bahati akaleta mwingine. Hakuwa na kasoro.

Ilipita muda mrefu. Siku moja Dokta akapiga simu bironi, ofisini kwa mkuu wetu, naye akaweka sauti kubwa ili sote tusikie. Mjusi amekubaliwa. Hapatikani popote duniani ila Kabuye. Na jina lake la kisayansi, lile la Kilatini, amelitoa kwa aliyemkamata yule dume wa kuhifadhiwa. Bahati, na mkia wa Kilatini nyuma yake.

Watu walipiga makofi. Bahati aliinuka akauliza kwenye simu, "Dokta, na Mzee Lwamba? Na Kashindi? Bo ndio balianza."

Dokta akasema jina ni moja tu, ameshukuru wote ndani ya maandishi. Bahati akanigeukia na uso wa mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake. Nikampa mkono. Nilimpa mkono, nikatabasamu, nikaenda nyumbani kwa miguu ingawa pikipiki zilikuwepo.

Jumapili alikuja kwangu na mfuko wa mchele wa Luberizi. Mke wangu akampokea kama askofu. Mchele ulikuwa mzuri, unanukia, hauna jiwe hata moja. Nilisikitika sana kwa hilo.

Sasa nifike kwenye miaka hii ziwa lilipopanda. Hamhitaji kuelezwa, mmeona barabara zilizoingia majini na nyumba zilizobaki paa. Kule Kabuye maji yalifunika mawe ya chini, na madume waliokuwa na mawe yale walisogea juu, ambako kila jiwe lilikuwa na mwenyewe. Tuliona mapigano kila asubuhi. Tukadhani hilo ndilo baya lenyewe, kumbe lilikuwa linakuja lingine. Watu walianza kujenga upya juu zaidi, na nyumba mpya inataka msingi, na msingi unataka mawe. Wavuvi wakatuletea habari kwamba vijana wako Kabuye na nyundo na mitarimbo, wanapasua na kujaza mitumbwi.

Tulikwenda, Bahati na mimi. Upande mmoja wa kisiwa, ule wa pango la mayai, ulikuwa umevunjwa na kubaki kokoto nyeupe. Bahati ndiye aliyewaomba vijana waache kwa siku mbili mpaka tuzungumze na kapita wao, mkuu wa kijiji, na wakaacha, kwa sababu mmoja wao alikuwa anamjua kwa nyimbo.

Kikao kilikuwa ufukoni, watu wengi, kapita kwenye kiti cha plastiki. Nilisimama mimi kwanza, kama mkubwa. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilieleza habari yote: shingo, mayai, jiwe moja kwa dume mmoja, na kwamba mnyama huyu Mungu amemuweka hapa tu, akiisha hapa ameisha duniani. Niliongea vizuri. Nilikuwa nimesubiri miaka mingi kuongea juu ya Kabuye mbele ya watu.

Mama mmoja akainuka, Mama Sifa, mwenye watoto wanne na nyumba iliyoanguka usiku wa mawimbi.

"Baba, nimesikia. Hii mjusi iko hapa tu, pengine hakuna. Sasa batoto bangu? Beo banapatikana wapi pengine? Nao iko hapa tu. Wakiisha hapa, wameisha."

Watu wakaguna. Kapita akanitazama nijibu. Nikakaa chini.

Bahati akasimama. Hakutaja Kilatini, hakutaja jina lake.

"Mama, minye nyumba yangu iko ndani ya maji mpaka kwa dirisha. Bibi na batoto tunalala mu darasa ya kanisa. Mawe ninayahitaji kama weye. Hii ya Kabuye iko karibu, mtumbwi moja tu, najua. Lakini mu korongo la mto, kule juu, mvua imeshusha mawe mingi, bure. Ni mbali, iko kazi. Minye ya kwangu nitaitoa kule. Na ya kwako, mama, hutabeba. Minye na Kashindi tutakubebea."

Nikageuka kumtazama. Hakuwa ameniuliza.

Mama Sifa akasema, "Na huyu mzee ataweza?" Watu wakacheka, na nilipowaona wanacheka nikajua Kabuye imepona. Kapita akaamua mawe yatoke korongoni, vijana wapange zamu, na atakayeonekana kisiwani na nyundo atoe mbuzi.

Usiku ule nilimweleza mke wangu jinsi ilivyokuwa. Nikamwambia kwamba mimi nilisema kweli yote na haikusaidia, na Bahati akasema maneno machache wakamsikiliza, kwa sababu tu nyumba yake imezama, na mimi yangu iko juu, kavu, nina bahati mbaya. Mke wangu aliweka chini sufuria.

"Baba Furaha. Sasa unamuonea mtu wivu kwa kuangukiwa na nyumba?"

Nilifikiri. Ilikuwa kweli.

Jumamosi zilizofuata tulibeba mawe. Wale vijana walikuja, wakinung'unika, na wengine wa kituo mlikuja pia. Bahati na mimi tulibeba kwa machela ya magunia, yeye mbele, mimi nyuma, kwa sababu njia ilikuwa nyembamba na mtu mmoja lazima awe mbele. Nilitazama mgongo wake kutoka korongoni mpaka kwa Mama Sifa, nikirudi, nikienda. Umri ulikuwa umempata. Shati lilikuwa la mtu anayelala darasani. Siku ya msingi wake mwenyewe, juu ya mlima, alipanga jiwe la kwanza vibaya, nikaliondoa, nikalipanga polepole. La pili akalipanga vibaya tena, nikalirudia polepole zaidi. Akanitazama, tukacheka wote wawili, tukashindwa kufanya kazi kwa muda, kwa sababu Mzee Lwamba alikuwa pale kabisa.

Msidhani basi wivu uliisha. Ulipumzika, ukanywa maji, ukaendelea.

Nimestaafu kabla yake, kwa kuwa nilianza kabla yake. Wiki ya kwanza bila kazi nilijikuta bandarini asubuhi, eti natafuta ndagala, hao dagaa wa ziwani, wa kula nyumbani. Boti ya kituo ilikuwa inatoka kwenda Kabuye, nanyi vijana mmekaa ndani na makoti ya kuelea ya rangi ya machungwa, na Bahati ameshika usukani. Mlinipungia mkono kama mnavyompungia mgonjwa. Nikasimama na kapu langu. Nilimuonea wivu yeye, niliwaonea wivu ninyi, niliionea wivu hata injini.

Boti ikageuka.

"Panda," Bahati akasema. "Nafasi iko."

"Sina koti."

"Panda, kaka. Ndagala hawaendi popote."

Mnakumbuka siku hiyo, lakini kuna jambo hamkuliona, na ndilo lililonifanya niandike. Tulipopanda juu, kwenye mawe yaliyosalia, jua likiwa limeshayapasha, mlimzunguka Bahati naye akaanza kuwasimulia habari ya Mama Sifa na yule mzee ambaye haijulikani kama ataweza. Mlikuwa mnacheka sana. Mimi nilichukua ufito nikaenda pembeni. Kwenye jiwe refu linaloelekea magharibi alikuwepo dume mkubwa kuliko wote niliowahi kuona, shingo ya manjano kama ndizi mbivu kwenye jua, mistari imekamilika. Kivuli changu kilikuwa nyuma. Sikumtazama machoni. Kitanzi kilipita mara ya kwanza, nikanyanyua, nikamshika. Hana kovu, hana kidole kilichopungua, mkia mzima toka mwanzo mpaka mwisho. Nilisikia moyo wake unapiga kwenye kidole changu. Nikageuka niwaonyeshe.

Migongo yenu yote ilikuwa kwangu. Bahati alikuwa amefika pale mahali pa kuchekesha.

Nikamrudisha kwenye jiwe lake. Alikaa, akanitazama, akapiga zile pushapu zake mbili tatu kunifukuza, nami nikaondoka.